Mhariri, timu haiji karibu na kushinda

Kwa Mhariri,

Taarifa ya Kiingereza inafika mezani jioni, ukurasa karibu ufungwe, na ndani yake mna maneno "came close to winning". Asubuhi msomaji aliyeketi kwenye matatu ya kuelekea mjini anasoma: "Timu hiyo ilikuja karibu na kushinda." Hakuna neno geni hapo, lakini sentensi ni ya kigeni tangu herufi ya kwanza hadi nukta. Timu haikuja popote. Ilikaribia kushinda, ikashindwa.

Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kutafsiri na kusahihisha nakala za Kiswahili hapa Nairobi. Tunaomba nafasi tueleze kosa hili linatoka wapi na linarekebishwaje, kwa sababu halitokani na uvivu. Mwandishi hodari anaweza kulifanya kila siku, kwa kuwa "close to" inaonekana kama neno dogo lisilo na shida: "close" ni karibu, "to" ni na, basi.

Shida ni kwamba Kiingereza kinalibandika fungu hilo hilo kwenye vitenzi chungu nzima, na maana inabadilika kila mara huku fungu lenyewe likibaki vile vile. Nyumba "stands close to" barabara. Mgonjwa "is close to" kifo. Dereva "came close to" kifo. Waziri "stays close to" rais. Mazungumzo "came close to" kuvunjika. Ukitia "karibu na" kote huko, utapata sentensi moja nzuri, ile ya nyumba, na nyingine nne zinazochechemea. Kiswahili kazi hiyo hukiachia kitenzi chenyewe. Ushahidi mzuri uko katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, Yakobo 4:8: "Mkaribieni Mungu, naye atawakaribia ninyi." Kiingereza hapo kina "draw", kina "near", kina "to". Watafsiri wale waliyakusanya yote katika kitenzi kimoja, wakamtaja Mungu moja kwa moja bila kihusishi chochote katikati.

Kwa hiyo njia tunayopendekeza ni hii. Ukikutana na "close to", lifunike kwa kidole. Soma kitenzi kilicho kushoto ya kidole, kisha usome kilicho kulia. Majibu ya maswali mawili yatakupa Kiswahili: kitenzi kinasema hali, mwendo, kung'ang'ania, au kusogeza kitu kingine? Na kinachofuata ni mahali, mtu, hali, tarakimu, au tendo?

Tuanze na kitenzi. "Be", "stand", "lie", "sit" na "live" ni vya hali. Hapa "karibu na" inafaa kabisa: shule iko karibu na mto, anaishi karibu na Gikomba. Hata hapa, hata hivyo, Kiswahili kina maneno makali zaidi kwa mwenye kutaka kusema sawasawa. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi iliyofunguliwa 1946 iko kilomita zipatazo 7 kusini mwa katikati ya jiji. Hiyo ni "iko karibu na". Lakini mtaa ambao ukuta wake umegusana na ua wa mbuga hauko tu karibu nayo, unapakana nayo. Kiingereza kinaweza kusema "lies close to" kwa yote mawili. Wewe usikubali.

"Come", "get", "move" na "draw" ni vya mwendo, yaani umbali unapungua. Hapa ndipo "-karibia", "-sogelea" na "-jongelea" hufanya kazi, na hapa ndipo "kuja karibu na" huingia kwa mlango wa nyuma. Kibao cha kuonya wageni mbugani kisiandikwe "Usije karibu na wanyama", maana mgeni yuko garini tayari na wanyama wako mbele yake. Haji kutoka kwingine. "Usiwakaribie wanyama" inatosha, au "Usiwasogelee" ukitaka kukataza hatua zile chache za mwisho, ambazo ndizo hatari.

"Keep", "stay" na "stick" ni vya kung'ang'ania: mtu yuko karibu na hataki kuondoka. Kutafsiri "stayed close to her mother" kuwa "alikaa karibu na mama yake" kunapoteza nusu ya habari, kwa sababu kukaa kwa Kiswahili ni kuketi na ni kuishi pia. Sema "hakubanduka ubavuni mwa mamake". Na kama ni mwendo unaofuata ukingo wa kitu, kama mtu anayepita gizani "keeping close to the wall", Kiswahili kina kitenzi ambacho vijana wengi hawakijui tena: aliambaa na ukuta. Kuambaa ni kupita kandokando ya kitu bila kukigusa na bila kukiacha. Chombo huambaa na pwani. Maneno matatu ya Kiingereza, "keeping close to", yameingia humo yote.

Kundi la nne, "bring" na "push", lina mtego. Mtu akiona "brought the two sides close to a deal" anatafuta umbo la kusababisha la "-karibia", anapata "-karibisha", na anaandika kwamba mpatanishi "alizikaribisha pande mbili". Kwa msomaji yeyote hiyo ina maana ya karibuni mketi, chai iko mezani. Andika kwamba alizisogeza pande hizo hadi zikakaribia kuafikiana. Na taifa likiwa "brought close to war", halikusogezwa karibu na vita; lilifikishwa ukingoni mwa vita.

Sasa kulia kwa kidole, na hasa panapokuja kitenzi chenye "-ing". Huko ndiko makosa mengi yaliko, na kurasa za michezo ndizo zinazoongoza.

Kiingereza hutofautisha "is close to signing" na "came close to signing". Ya kwanza inaacha mlango wazi: mchezaji hajatia sahihi, lakini huenda akatia kesho. Ya pili, mara nyingi sana, imeufunga: alifika pale, kisha hakutia. Mtafsiri akiyapa yote mawili "alikuwa karibu kusaini", shabiki hajui kama klabu imempata au imemkosa. Kiswahili kinamaliza mambo kwa viambishi vya wakati. "Anakaribia kutia sahihi" au "yu karibu kutia sahihi" ni mlango wazi. "Amekaribia" pia, ila inaongeza kwamba mengi yameshafanyika. "Alikaribia kutia sahihi" hufunga, na kama habari ni nzito, usimwache msomaji akisie: ongeza "lakini hakutia". Angalieni pia kwamba baada ya "-karibia" na baada ya "karibu" kitenzi huja kwa "ku-" bila "na". Ile "na" ya "karibu na kushinda" ni kivuli cha "to".

Chukueni mfano ambao kila Mkenya anaujua. Mwezi Mei 2017 kule Monza, Italia, Eliud Kipchoge alijaribu kukimbia marathoni kwa muda usiofika saa 2. Alitumia 2:00:25. Kiingereza kinasema "came close to" au "came within seconds of". Kiswahili: alikaribia kuvunja kizuizi cha saa 2, akakikosa kwa sekunde 25. Tazameni "kukosa kwa". Fungu hilo linabeba tendo, kushindwa na kipimo kwa pamoja, na hakuna haja ya kumleta mkimbiaji "ndani ya sekunde 25 za" kitu chochote. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia 1:59:40, na kitenzi kikabadilika: alikivunja. Kati ya siku hizo mbili, kwenye mazoezi, sentensi sahihi ilikuwa "anakaribia".

Je, Monza tungeweza kuandika "nusura avunje kizuizi"? Tunashauri msiandike. Tunajua wapo wanaotumia "nusura" kwa mema na mabaya, na matumizi hayo yanaenea. Lakini neno hili ni ndugu wa kunusuru, kunusurika na manusura. Ndani yake mna wokovu. Nusura agongwe na gari: palikuwa na hatari, akaokoka. Ukisema "nusura ashinde", umeufanya ushindi kuwa ajali aliyoepushwa nayo. Golikipa wa upande wa pili anaweza kusema "nusura tufungwe", na yuko sahihi, kwa kuwa kwake bao ni balaa. Mshambuliaji aliyegonga mwamba yeye alikaribia kufunga. Mpira ni ule ule na dakika ni ile ile, ila mdomo unaosema ndio unaochagua neno.

"Nusura" ina masharti yake. Kitenzi kinachoifuata huishia kwa "-e" kama ni cha Kibantu: nusura aanguke, nusura wazame, nusura nyumba iteketee. "Nusura alianguka" inajipinga, kwa sababu "alianguka" inasema jambo limetokea. "Nusura kuanguka" haina mtu. Na kwa kuwa umbo hilo halionyeshi wakati, sentensi ya jirani lazima iuonyeshe. Usiifungue habari kwa "Nusura mbunge apigwe" bila kutaja jana wala juzi popote katika aya. Kwa binadamu aliyetoka salama mnayo pia "aliponea chupuchupu" na "aliponea tundu la sindano", ambayo wasomaji wa hapa wanayapenda na hayajachakaa. Kosa moja la kuangaliwa: mtu hunusurika kifo, hanusuru kifo. Anayenusuru ni aliyemvuta kutoka mtoni.

Hapa ndipo mgonjwa na dereva wa mwanzo wanaachana. Mgonjwa "is close to death": kitenzi ni cha hali, hali inaendelea, basi yu mahututi. Dereva "came close to death": kitenzi ni cha mwendo, kimekwisha, na yeye anasimulia, basi alichungulia kaburi, au aliponea chupuchupu. Mkiwabadilisha, mtakuwa mmemzika aliye hai au mmemwinua aliye kitandani. "Close to tears" nayo ina Kiswahili chake ambacho hakina "karibu" hata kidogo: machozi yalimlengalenga. Na maneno "that brought her close to tears" ni maneno ambayo nusura yamlize.

Kwa watu, ukaribu wa Kiingereza huwa na sura mbili, ya miguu na ya moyo, na kitenzi ndicho kinachoamua. Mlinzi "got close to" kiongozi jukwaani: alimsogelea. Mfanyabiashara "got close to" kiongozi mwaka mzima kabla ya zabuni: alijisogeza kwake, au tuseme wazi, alijipendekeza. Marafiki "grew close": walizoeana mpaka wakashibana. Dada wawili "are close": ni chanda na pete. Mwanasiasa "is close to" mkubwa fulani: ni mwandani wake, neno ambalo magazeti yetu yamelitumia vizuri miaka mingi na hatuna la kuongeza. "Watu wa karibu na" inafaa pia, mradi msomaji asidhani ni majirani zake.

Tunakuja kwenye tarakimu, na hapa tunaomba uvumilivu, kwa kuwa kosa la herufi mbili linaweza kubadili habari. "Police arrested close to 500 people." Tafsiri: "Polisi walikamata karibu na watu 500." Nani alikamatwa? Kwa Kiswahili hicho, polisi walimkamata mtu asiyetajwa, mahali palipokuwa na watu 500 wamesimama. Ondoa "na": polisi walikamata karibu watu 500. Neno "karibu" kabla ya idadi halitaki "na". Kabla ya mahali linaitaka. Kabla ya tendo halitaki: karibu kufika, karibu afike. Na kabla ya mahali bila "na", linageuka kuwa maamkizi: "karibu Nairobi" ni salamu ya kumpokea mgeni, "karibu na Nairobi" ni Kitengela au Ruiru. Tungependa kuona kanuni hii imebandikwa ukutani kila chumba cha habari.

Tena "karibu", "takriban" na "yapata" si pacha. "Karibu 500" na "wanaokaribia 500" humwambia msomaji kwamba 500 haikufika. "Takriban 500" na "wapatao 500" huenda wakapungua au wakazidi kidogo. Kiingereza "close to 500" mara nyingi ni ya kwanza. Mkiandika "takriban" kwa mazoea mnaruhusu 510, ambayo mwandishi wa kwanza hakuisema.

Mahali pa kuona uzito wake ni matokeo ya uchaguzi. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinamtaka mgombea urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa na 50.49, na Raila Odinga 48.85. Mwandishi wa ng'ambo anaweza kusema kwamba wote watatu walipata "close to half", na kwa Kiingereza huenda asikosolewe, kwa kuwa fungu hilo, ingawa mara nyingi huwa chini ya mstari, linaweza kupima umbali bila kusema umesimama upande gani. Lakini "karibu nusu" kwa Kiswahili iko chini ya mstari. Mkiitumia kwa 50.07, mmemwambia msomaji kwamba mgombea hakufikisha na kwamba kuna duru ya pili. Sema alipita nusu kwa kiasi kidogo mno. Wa 48.85 ndiye aliyeikaribia nusu.

Na "too close to call", ambayo hurudi kila baada ya miaka mitano, haina uhusiano wowote na kuita wala kupiga simu. Ni kinyang'anyiro ambacho mshindi hawezi kutabirika. Mgombea aliye "ran him close" alimtoa mwenzake kijasho.

Misemo mingine tutaipitia upesi. "Hit close to home": maneno yalimchoma, au yalimgusa penyewe, hakuna nyumba iliyopigwa. "A cause close to her heart": jambo analolithamini kwa dhati. "Played his cards close to his chest": hapa Kiswahili kilikwisha kufika bila kuazima, kwa kuwa asiyetoa siri sisi humwita mtu mwenye kifua. "Next to impossible": ni vigumu mno, karibu haiwezekani. "Next to nothing": si chochote, ni kidogo mno.

Walimu wa Kiingereza nao watuwie radhi tukiingilia, maana kosa hili lina upande wa pili. Mwanafunzi anayewaza "alikaribia kushinda" huandika "came close to win". "To" hiyo ni kihusishi, si ile ya mbele ya kitenzi, kwa hiyo inataka nomino au "-ing": "close to winning", kama vile "close to victory". "Approach" haitaki "to" inapokuwa kitenzi. "Near" kwa kawaida huenda bila "to" ikitaja mahali, ila "nearer" huipokea bila taabu. Na "close" ya ukaribu hutamkwa kwa s mwishoni. Ya kufunga mlango hutamkwa kwa z.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na usiku wa matokeo hakuna atakayepata nafasi ya kufunika neno kwa kidole. Dawati lako liamue mapema, kwa maandishi, kwamba asilimia iliyo chini kidogo ya 50 "inakaribia nusu", iliyo juu "imepita nusu", na kwamba "karibu na" haitasimama mbele ya tarakimu yoyote katika jedwali, kichwa cha habari wala maelezo ya picha.

Watafsiri na wasahihishaji wa Kiswahili,
Nairobi